Sauti ya Dada Kabla ya Upasuaji

Dada yangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa shingo siku ya Jumanne. Uvimbe wa tezi ulikuwa umeanza kumbana koo, na daktari alimwambia wazi kwamba baada ya kisu sauti yake ingeweza kurudi ilivyokuwa, au irudi nyingine, au isirudi kabisa. Alinipigia simu nikiwa Kitale. Hakulia. Alisema tu kwamba kanisani kwao Bungoma yeye ndiye huanzisha nyimbo tangu akiwa msichana, na hakuna aliyewahi kumrekodi vizuri, na si mimi nilikuwa nasoma mambo ya sauti?

Nilikuwa nasoma, ndiyo. Nimezunguka sana maishani. Nimepakia mizigo mpakani Suam, nimeuza viatu vya mitumba Naitiri, na kila mji niliuacha nikidhani ule unaofuata ndio utakaonikalisha. Nilipovuka miaka arobaini nikatulia katika chumba kimoja Kitale, na kozi ya uhandisi wa sauti mtandaoni. Lakini niliitazama kama mtu anavyotazama mpira. Mwalimu anasogeza vidude kwenye skrini, nami naitikia kwa kichwa. Nilivyosoma sekondari ndivyo nilivyosoma huko: unanakili kilicho ubaoni, unasubiri cha kesho. Sikuwa nimerekodi mtu hata mmoja.

Nilimwandikia mwalimu kumuuliza nitumie vipimo gani kumrekodi mwanamke mwenye uvimbe kooni. Alijibu kwamba somo la kurekodi waimbaji lingekuja mwezi uliofuata, nisiwe na haraka.

Jumatatu mchana nilikuwa sebuleni kwa dada. Nilisimamisha mikrofoni, nikafungua video ambamo mwalimu alikuwa akirekodi msomaji wa habari, nikanakili vipimo vyake vyote, namba kwa namba. Dada akaimba ubeti mmoja na kiitikio. Nilivaa hedifoni, nikasikiliza. Sauti ilitoka kama imo ndani ya pipa, na kila alipomalizia mstari polepole, jinsi anavyojua yeye, programu iliukata ule mwisho kana kwamba ni kelele.

Akauliza kama imetoka. Nikamwambia turudie. Ikawa vilevile, ila sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Nje, mawingu yalikuwa yamefunika upande wa Mlima Elgon, na mvua ya kwetu ikipiga mabati humsikii hata aliye ubavuni mwako. Nikawa narudisha video nyuma, naipeleka mbele, nikitafuta nilipokosea. Dada akanywa maji ya vuguvugu, akanitazama.

"Sasa wewe unasikiza mimi ama unasikiza huyo mwalimu wako?" akasema. "Mimi ndiyo naimba, bana. Huyo hata hanijui."

Nikafunga video. Kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kozi nilijiuliza swali langu mwenyewe: hili pipa liko wapi? Kooni mwake halikuwepo. Nikapiga kofi pale sebuleni, na kuta za saruji zikanirudishia mwangwi. Nikapiga jikoni, likarudi. Nikapiga chumbani, ambako shemeji alikuwa akipanga nguo za hospitali, naye akauliza kama tumeshaanza maombi bila yeye. Nikaenda hadi stoo, ambako magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa. Nikapiga, na kofi likafia mikononi mwangu.

Tulimkalisha dada katikati ya magunia, juu ya kiti cha plastiki. Nilizima kila kitu nilichokuwa nimenakili. Nikafumba macho, nikawa nasogeza mikrofoni kidogo kidogo, kwanza chini ya kidevu, kisha kando ya mdomo, naye akinong'ona ubeti ili asijichoshe, hadi nikamsikia kama nilivyokuwa nikimsikia alipokuwa akinibeba mgongoni akichuma kunde. Tone la kwanza likagonga bati. Nikamwashiria aanze.

Aliimba wimbo wote. Katika ubeti wa mwisho pumzi ilimwishia, akanyamaza, nami nikakaribia kuinuka. Matone yalikuwa yakizidi. Akavuta hewa, akaendelea pale alipoachia, akaumalizia mstari wa mwisho polepole, bila haraka yoyote, kana kwamba mvua ni ya kijiji kingine. Alipofumba mdomo, mvua ikamwagika.

Nikampa hedifoni. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja shingoni.

"Ati kumbe naimba na mapua hivi," akasema, sauti yenyewe ikiwa imekwisha, ikabidi nisome midomo yake kwa sababu ya mvua. "Na kanisa mzima mmeninyamazia."

Nikamuuliza kwa ishara kama anataka niifute rekodi. Alitikisa kichwa kukataa, akazibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili, akanionyesha kwa kidevu nianzishe tena kutoka mwanzo.