Ndafu Aliyeshindwa Kukojoa

Nakumbuka Jumatano moja, mjukuu wangu, siku tatu kabla ya harusi yangu, nilipokaa asubuhi nzima nyuma ya mbuzi nikisubiri anye. Usicheke bado, mambo yenyewe hayajaanza.

Miaka ile mitumba ndiyo kwanza imejaa Moshi, kila kijana ana suti, na mimi nilitaka kuoa kwa kishindo. Nilimchumbia Anasia wa upande wa Kwa Sadala. Kwetu sisi, unajua, harusi bila ndafu ni kikao tu: dume la mbuzi lililohasiwa, likanoneshwa, likachomwa zima. Wangu nilimfungia bandani kwetu Kirua Vunjo miezi mitatu, nikamlisha pumba za mahindi asubuhi, mchana na jioni. Majani nilimpa machache, kwa uvivu wa kushuka kuyakata. Maji nilimbania, kwa kuwa bwana mmoja wa kilabuni, akiwa kwenye kata ya tatu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, aliniambia maji hulegeza nyama. Nilimsikiliza mlevi, nikamwacha mama yangu aliyefuga mbuzi kabla sijazaliwa.

Basi siku hiyo mbuzi kakunja mgongo, anajikamua, anatikisa mkia na kulia. Nikasema choo kimemfunga. Nikamnywesha mafuta ya kupikia, nikaongeza mengine. Kufika adhuhuri alikuwa amekunya mara nne, viatu vyangu ni shahidi, na bado anajikamua. Nilikuwa napasha mbege nimnyweshe, mama akatokea mgombani.

"Umemwona akikojoa leo?"

"Mama, mimi naangalia choo."

"Tangu asubuhi unachungulia nyuma, ugonjwa uko chini! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, inama!"

Nikainama. Nywele za kwenye ncha ya uume wake zilikuwa kavu kabisa, zina chembechembe kama mchanga. Mama akaimwaga mbege yangu, akamtuma jirani amwite bwana mifugo. Niliogopa sana. Wala sikumwogopea mbuzi, nasema kweli, niliogopa aibu.

Bwana mifugo alifika pamoja na mshenga wetu, Mzee Elinami, aliyekuja kumkagua ndafu akiwa ndani ya suti yake ya kanisani. Nikaagizwa nimkalishe mbuzi kitako, mgongo wake kifuani kwangu. Bwana mifugo akampapasa tumbo, akanieleza kwamba pumba nyingi na maji kidogo hujenga vijiwe kwenye mkojo, na dume aliyehasiwa mapema njia yake ni nyembamba. Akamchoma ganzi, akaivuta nje ile ncha. Mwishoni mwake pana kijinyama chembamba kama uzi, na humo kilikuwa kimekwama kijiwe kidogo kama punje ya ulezi. Mzee Elinami akasogea mbele aone vizuri. Mkasi ukakata.

Mkojo wa siku nzima, mwanangu! Ulimpata mshenga kuanzia kwenye tai kwenda juu. Hakukimbia. Alijifuta macho, akasema, "Bwana asifiwe," na mama akaitikia, "Amina."

Nikadhani nimesalimika. Bwana mifugo akatikisa kichwa: mbuzi aliyechomwa sindano haliwi Jumamosi. Tena vijiwe vingine huenda bado vimo, na vikiziba juu zaidi mkasi hautafaa kitu. Apewe maji tele, majani, na chumvi kidogo ili anywe zaidi. Pumba basi.

Ikabidi niende ukweni nikaseme. Mficha uchi hazai. Nilieleza yote mbele ya wazee, wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Anasia hakucheka.

"Shikamooni wazee, naomba nimuulize huyu," alisema, kisha akanigeukia. "Miezi mitatu ulimshindilia mbuzi unachotaka wewe, ili watu wamwone. Yeye anahitaji nini, hukuangalia. Na mimi ndivyo utakavyonitunza?"

Kicheko kikakatika. Suti ikaniwasha mwili mzima. Nikasema, "Sijui. Lakini nitakuwa nauliza." Akamwambia baba yake harusi iendelee. Tulikata ndafu mwembamba wa mjomba, na wageni waliramba vidole. Wangu alipona.

Basi shika hili. Dume la mbuzi au kondoo likijikamua, tazama kwanza kama linakojoa. Kama halikojoi, usilinyweshe kitu. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, maana kibofu kikipasuka umechelewa. Maji yawepo kila siku, na majani yazidi pumba. Na yeyote aliye mikononi mwako, awe mnyama, mke au mtoto, usimtunze kwa ajili ya macho ya watu. Jua kwanza anaumwa wapi na anataka nini.

Mungu akujalie banda lenye afya, mwanangu, na akupe mwenzi asiyeogopa kukuuliza mbele za watu. Mimi, bibi yako Anasia aliniuliza mara moja tu, na hadi leo bado najibu.