Toroli la Dawa Halisimamishwi Mlangoni

Toroli lilinyanyuka Sista Ana akiwa bado ameshika mpini. Halikuanguka. Lilivutwa moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa mashine, likambana kifua. Nikatia mkono kulizuia, mkono wa kulia ukavunjika palepale. Mgonjwa alikuwa bado nje, Mungu alimwona. Sista Ana hakufika jioni.

Siku yangu ya kwanza hospitalini, miaka mingi kabla ya hapo, nilipewa kisumaku kidogo kimefungwa kwenye uzi. Mimi ni wa darasa la saba, bosi wa wakati ule akanieleza taratibu. Chumba kile kilikuwa cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, na sumaku yenyewe haizimwi, hata kukiwa hakuna mgonjwa. “Kitu kikinasa kisumaku chako,” akasema, “hakivuki mlango, hata kiwe cha mkurugenzi.”

Nikakaa mlangoni. Wazee wa Olmotonyi waliokuja kupigwa picha niliwapa shikamoo yao, halafu nikawavua vyuma vyao.

“Bangili umechukua, sime umechukua, hereni umechukua,” mmoja alinifokea. “Layoni wewe, kijana hata jandoni hujaingia, sasa unataka na meno?”

“Kama ni ya chuma, baba, nayataka.”

Alicheka mpaka akakohoa.

Ng'ambo ya korido kulikuwa na chumba cha PET. Kule mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi, na mashine inaonyesha inakokimbilia, maana saratani nyingi zinapenda sukari. Sista Ana, binti wa Kimeru wa Maji ya Chai, ndiye aliyeisukuma dawa hiyo kwa toroli, ndani ya chombo cha risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Kwao sheria ni haraka, kwa sababu ukisimama na dawa, mionzi inakula. Kwetu sheria ni simama ukaguliwe.

“Kaka, wewe utaota mizizi hapo mlangoni,” alikuwa akinitania.

“Na wewe unakimbia kama umeiba.”

Ndipo ikaletwa mashine mpya, zile mbili katika mwili mmoja. Mgonjwa analala mara moja, picha ya nyama na picha ya sukari zinapandana. Mashine nzuri, siikatai. Waliunganisha mashine, wakaunganisha vyumba, zile sheria mbili wakaziacha zigongane mlangoni kwangu. Dakta Kisamo, aliyetoka upande wa PET, akawa mkuu wa kitengo. Wiki ya kwanza tu alinikuta nimesimamisha toroli.

“Unafanya nini?”

“Nakagua, daktari.”

“Risasi haivutwi na sumaku! Unataka Sista ale mionzi kwa ajili ya uzi wako? Toroli la dawa halisimamishwi mlangoni. Sitarudia.”

Mhandisi Temba, fundi mkuu, alikuwa pembeni yake. Akaitikia kwa kichwa.

Risasi kweli haivutwi. Na toroli lililokuja na mashine lilikuwa la aluminiamu, nalo halivutwi. Ila gurudumu lake lilipovunjika, Temba akaamuru la zamani litolewe stoo. La chuma, limepakwa rangi nyeupe ileile. Likanipita mbio, kisumaku kiko mfukoni kama nilivyoamriwa.

Uchunguzi wa hospitali ulisema ni uzembe wa muuguzi. Marehemu habishi.

Mimi nimestaafishwa kabla ya umri wangu. Niko Moshono, shati nafungiwa vifungo na mke wangu. Ninyi vijana mnaoshika kazi hii, mkiambiwa mpishe kitu bila kukagua, mwambieni mkubwa wenu akisukume mwenyewe.

Nilipokwenda Maji ya Chai kumsalimia mama yake Ana, aliniuliza jambo moja tu: “Baba, mwanangu alikuwa mzembe?” Nilimwambia hapana. Akasema anataka kulisikia kwa wakubwa wake wenyewe.

Dakta Kisamo bado anaongoza kitengo kilekile. Temba bado ana funguo za stoo. Njia ya kwenda kwa yule mama wanaijua, walikuja msibani. Basi waende tena, wakae mbele yake, wamwambie ni nani aliyekataza toroli lisikaguliwe, na ni nani aliyelitoa stoo.