Utumbo Haujazwi Kama Gunia

Kutoka mlangoni mwa jiko lake, pale Kawetele, Ikupa aliyaona yote: baba mkwe wake, mzee Asajile, anamenya ndizi ya kuchemsha, na Winfrida, bintiye Ikupa, anafungua kinywa.

Utumbo wa mtoto ulijisokota mwaka jana. Madaktari wa Mbeya walikata sehemu kubwa iliyooza, akabaki na kipande kifupi cha utumbo mwembamba. Tangu hapo hula kidogo kidogo, kwa kibakuli cha bluu, la sivyo chakula hupita kama maji. Siku ya kliniki daktari alisema kuwa nchi za mbali wanajaribu kijispringi kinachowekwa ndani ya utumbo, kiusukume polepole mpaka urefuke.

"Ila bado wanakijaribu kwa nguruwe, mama. Usikitegemee. Mlishe kidogo kidogo, aongezeke uzito."

Hosea, mumewe, aliyapeleka maneno hayo kwa baba yake. Mzee akashika neno moja tu, kusukuma.

"Kumbe utumbo unavutika! Basi springi ya nini, na ndizi zimejaa shambani?"

Hosea alipojaribu kumkataza, aliambiwa, "Umetawaliwa na mkeo."

Sasa mtoto anahara, mbavu zimetoka. Na Ikupa ni mkwe. Kwa mila yao, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Wakikaribia kukutana njiani, yeye huingia migombani. Wenzake wa kwaya humcheka kwamba hayo ni ya zamani. Yeye ameyashika tangu aolewe.

Aliacha mwiko chunguni. Akaenda mpaka ukingoni mwa ua wa mzee, akampa mgongo, akashika mgomba.

"Wewe mgomba," alisema kwa sauti, "nakuambia wewe, maana mwingine siwezi kumwambia. Utumbo haujazwi kama gunia. Ukijazwa haurefuki, unamwaga. Mwanangu anakwisha."

Mzee akakohoa.

"Mgomba," mzee alisema nyuma yake, "muulize huyo aliyekushika. Hiyo springi si inasukuma?"

"Mwambie inasukuma kidogo sana, utumbo ukue wenyewe. Na bado wanaijaribu kwa nguruwe."

"Nguruwe! Basi wawafunge vizuri, wasije wakatoroka na springi zetu."

Ikupa aliuma ncha ya khanga asicheke. Sauti ya mzee ikashuka.

"Mgomba, mwambie nilidhani namponya."

Ikupa aliuambia mgomba, "Mwambie najua."

Asubuhi Winfrida alikuja mbio. "Mama, babu anataka kile kibakuli changu. Anasema bila hicho hanipi kitu."

Ikupa alikisuuza, akampa, akasimama mlangoni akitazama. Mzee alikatakata ndizi, akatia vipande viwili kibakulini. Vilivyobaki akavila mwenyewe, taratibu, uso ameugeuzia migombani.