Niliionyesha kamati ya harusi jinsi AI inavyochora kadi, nikaifunga ofisi yangu kwa mkono wangu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mimi hapa Mkonze, Dodoma, sikusimuliwa na sijaongeza chumvi.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya graphic design, nimekaa Johannesburg, nimerudi na laptop ya maana bila kuomba mtaji kwa mjomba. Nikafungua fremu ya kutengeneza kadi za harusi. Mtaa mzima hakukuwa na mwenye mkono kama wangu.

AI ilipokuja nikaona Mungu kanikumbuka. Kadi ya siku mbili naitoa kwa dakika chache, bei ile ile. Mteja namwambia "rudi Ijumaa", nalala zangu.

Ningenyamaza ningekuwa mbali.

Sasa kamati moja ya harusi, familia ya Kirangi kutoka Kondoa, ikaniita kikaoni tukubaliane kadi za mchango. Mwingine angechukua advance akaondoka. Mimi nikataka wajue wamekaa na nani.

Nikaunganisha laptop kwenye TV ya sebuleni, nikaandika maelezo kwa Kiswahili, kadi ikatoka sambusa hazijafika mezani.

Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama msanii.

Mama Zuhura, mhazini, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hapo umefanya nini?"

"Nimeiambia tu, mama."

"Na kwenye simu inakubali?"

"Hata simu ya bei rahisi, mama." Nilijibu kwa majivuno kabisa.

Akamgeukia mwenyekiti. "Basi fungu la kadi lihamie kwenye nyama. Zuhura ana simu."

Mwenyekiti akanisogezea sahani. "Kula, fundi. Umetusaidia sana."

Habari ikatembea. Kila kamati ikawa na Zuhura wake. Kwangu wakawa wanaingia wa kuomba chenji tu, mwisho nikarudisha funguo kwa mwenye fremu.

Nani kafaidika? Nimelifikiria sana, maana nafasi ninayo.

Maharusi wamepata kadi nzuri bure, haki yao. Kampuni ya AI iliendelea kunikata subscription mpaka nilipokumbuka kuisitisha. Wachoraji ambao kazi zao ndizo zilizoifundisha, sijasikia aliyetumiwa hata vocha.

Aliyenona ni Bakari, mwenye mashine ya kuprint, niliyekuwa namwita "mtu wa wino". Design imekuwa bure, kila mtu anayo, na wote wanaipeleka kwake. Foleni inafika barabarani.

Sasa mimi ni kibarua wake, namkatia kadi zikishatoka kwenye mashine. Siku ya kwanza nilienda na diploma yangu ikiwa na kioo. Akaisoma yote, akasema, "Tundika tu kaka, ila usizibe karatasi ya bei."

Nilichojifunza: kitu kikiwa rahisi kwa wote, hela haipotei, inahamia kwa mwenye kile ambacho simu haiwezi kutoa. Mimi nilikuwa nauza ugumu wa kazi, halafu nikasimama mbele ya wateja kuwathibitishia kuwa si ngumu.

Wachora mabango, wenye studio, huko kwenu hela imehamia kwa nani? Tiririkeni. Ila wa kuniuliza kwa nini sikunyamaza asijisumbue, mke wangu bado anaendelea na swali hilo.