Mlango Uliozibwa Bilele

Mama mkwe wangu alikaa ndani ya nyumba yetu siku kumi na tisa bila kutoka, na aliyemfungia alikuwa mtoto wa kaka yake mwenyewe, mchana kweupe, kwa matofali na udongo, huku akiimba.

Ilikuwa enzi za Waingereza, miaka ile kahawa ilipokuwa na bei na kila mwenye kibanja cha migomba na mibuni alitaka kulala chini ya bati. Sisi tulikuwa na nyumba ndogo ya matofali Bilele, mjini Bukoba: sebule, chumba kimoja na mlango mmoja tu. Mume wangu alikuwa mwalimu Ngenge, upande wa Muleba, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, njia ikiruhusu. Baba yake alipofariki, alimtoa mama yake Kashozi akamleta kwetu, akasema tumwongezee chumba mbele ya nyumba, chenye mlango wake mwenyewe. Mlango wetu wa zamani ingebidi uzibwe, maana sasa ungefungukia chumbani kwa mama. Mwingine ungetobolewa ubavuni, upande wa jiko.

Fundi alichaguliwa na mama. "Damu yangu haiwezi kunijengea vibaya," alisema. Mimi nilikuwa na miaka mitatu tu katika ndoa ile, na mtoto wa miezi saba. Sikuwa na la kuongeza.

Wala sitamsingizia. Wiki ya kwanza alifanya kazi ya kupendeza macho. Alichimba msingi, akapandisha kuta tatu zikanyooka kama zimechorwa kwa rula, akaacha nafasi ya mlango mbele. Wiki ya pili akaanza kukosa siku. Leo ana msiba, kesho baiskeli imeharibika. Kisha asubuhi moja akaja mapema, akakoroga udongo, akaniambia, "Shemeji, leo naziba, kesho natoboa."

"Kwa nini usianze kutoboa?"

"Nitoboe bila boriti ya kubeba ukuta, nyumba iniangukie? Boriti ninayo Kashozi. Nalala huko, asubuhi na mapema niko hapa."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na rozari yake. "Mwache afanye kazi," alisema.

Tofali la mwisho alilipachika akiwa nje, na mimi ndani, mtoto mgongoni. Nililiona lile tundu la mwanga likipungua hadi likawa kama kiganja, kisha likazimika. Tukasikia wimbo wake ukienda barabarani.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Mimi nilitokea dirisha la chumbani, lililokuwa juu kidogo ya kiuno changu. Nilikuwa namkabidhi mama mtoto, naruka, kisha napokea mtoto kutoka nje. Siku ya pili nikamwekea mama kigoda. "Mama, jaribu tu. Nitakushika."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mjane wa umri wangu apandishe mguu dirishani, mbele ya majirani? Nitakaa."

Akakaa. Nikampitishia ndizi na maharage dirishani, maji ya kuoga dirishani, na ndoo ya haja, waitu, jamani, hiyo nayo nikaipitisha dirishani asubuhi na jioni, nikaenda kuimwaga migombani. Mvua ilikuwa imeanza. Ndani kulinuka udongo mbichi na nguo zisizokauka. Mtu akidhani kwamba mimi niliyeweza kuruka nje nilikuwa huru, anakosea. Nikichelewa kidogo jikoni, sauti ilinifuata: "Uko wapi? Mbona kimya?" Hakuwa mkali. Aliogopa, nadhani, ila hakuwa mtu wa kulisema hilo. Siku moja nilisimama migombani na ile ndoo tupu mkononi, mvua ikinipiga, miguu ikakataa kabisa kurudi. Nilirudi kwa sababu mtoto alilia.

Siku ya sita nilimwomba jirani akae dirishani, nikaenda Kashozi kumtafuta fundi. Nilimkuta juu ya paa la nyumba ya watu wengine, misumari mdomoni.

"Kesho, shemeji," alisema, bila kuitoa misumari. "Mwambie shangazi asiwe na wasiwasi."

"Shuka ukamwambie mwenyewe."

Akacheka, akageukia bati lake. Wenye nyumba walinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma njia nzima ya kurudi.

Nikamwita fundi mwingine wa mjini, mzee mtulivu. Aliugusa ule mlango uliozibwa kwa kidole. "Udongo huu haujashika," alisema. "Na boriti ya zamani bado iko hapo juu. Nitayatoa matofali haya kwa mikono, upite hapa hadi ndugu yenu atakaporudi."

Sauti ya mama ikatoka ndani: "Ukigusa hapo, umegusa kazi ya mtoto wa kaka yangu. Utamwaibisha yeye na mimi."

Mzee yule alivua kofia, akaniaga. Nikamwandikia mume wangu barua. Jibu lilikuja na mtu wa lori: mambo ya ukoo hayataki haraka, na mama asikasirishwe.

Basi tangu siku hiyo nilijua. Sururu ilikuwa jikoni, imeegemea mafiga. Ukuta haukuwa mgumu. Kila mara niliporuka dirishani nilijua kwamba ningeweza kupita mlangoni kabla chungu hakijachemka, na bado niliruka.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, akaja mtu wa baiskeli kutoka Kashozi. Aliingia katika chumba kile kisicho na paa, akakuta matofali mahali pa mlango, akazunguka hadi dirishani. Akamwambia mama kwamba dada yake mkubwa amefariki usiku ule, na mazishi ni alasiri.

Mama hakulia. Alivaa gauni jeusi, akajifunga kitambaa kichwani, akaja akasimama mbele ya matofali.

"Sururu iko wapi?"

"Jikoni, mama."

"Vunja."

Nilivunja. Pigo la kwanza lilikuwa la woga, la pili lilikuwa la siku zote kumi na tisa. Tofali la juu lilipodondoka niliona vidole vyake vikitokea upande wa pili, vikivuta lingine. Yeye alivuta, mimi nilipiga, hadi alipoinama kidogo, akapita, akasimama katika chumba chake kisicho na paa, mvua ya rasharasha ikimwangukia usoni. Alinishika mkono mpaka barabarani.

Fundi alikuwepo msibani, maana marehemu alikuwa shangazi yake pia. Alipomwona mama alishtuka, akaja kumsalimia kwa magoti.

"Pole, shangazi. Umetokaje?"

"Mlangoni."

"Mlango upi?"

"Ule ulionizibia. Mkazamwana wangu ameuvunja, kwa amri yangu."

Fundi akanitazama, akitaraji niinamishe macho. Sikuinamisha.

Baada ya matanga alikuja na boriti yake begani. Alitoboa ubavuni kwanza, akaweka mlango, ndipo akaziba ule wa mbele. Baada ya siku chache akapaua. Hakuimba hata siku moja. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alipita mlango mpya, akausifu sana. Mama alimwacha amalize, kisha wakati wa kula akamsimulia yote, na habari ya ndoo hakuiacha. Mume wangu aliweka chini kijiko.

Mama alilala katika chumba kile miaka mingi. Pembeni, juu ya kitanda, bati lilivuja tangu masika ya kwanza. Tulisogeza kitanda, tukaweka sufuria, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyependekeza tumwite fundi.