Rangi ya Kijani Iliyomkimbiza Koko

Enzi zetu pale Kitshanga, mtu mmoja akinunua gari, mtaa mzima ulijiona umenunua. Walikuja kuigonga kwa vidole, kuikalia, na zaidi ya yote kuitolea mawazo. Papa aliponunua gari yake kuukuu kwa tajiri mmoja wa ng'ombe, nilikuwa bado shule ya msingi. Masomo ya mwaka ule nimeyasahau yote. Nisichosahau ni jinsi mawazo ya watu nusura yampotezee mguu koko wetu, mama mzazi wa Mama.

Tabu ya gari ile ilikuwa rangi: kijani kilekile cha magari ya wanajeshi. Siku ya kwanza Papa alipoingia nayo sokoni, akina mama waliacha maharagi yao chini wakakimbilia nyuma ya kanisa. Papa alishuka akipiga kelele kwamba ni yeye, mikono juu: "Njo miye! Njo miye, Papa Furaha!" Furaha ni dada yangu mkubwa, na Papa aliitwa kwa jina lake. Watu walirudi wakicheka, na Papa naye akacheka, akasema watazoea.

Koko hakuzoea. Aliishi upande wa Nyabiondo, na alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Kwenye pikipiki hakuweza kukaa. Muuguzi wa kule alimtumia Mama habari kwamba apelekwe hospitali upesi, kabla mvua hazijakata barabara. Tukaenda kumchukua, Papa, Mama, Furaha na mimi, tumebeba thermos ya chai na mihogo ya kuchemsha.

Koko alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya mihogo. Alisikia injini, akainua macho, akaona ile rangi. Kabla Mama hajaruka chini kumwita, bibi yule aliyeshindwa kutembea alikuwa amejiburuta hadi katikati ya shamba la maharagi. Tulimkuta amelala kifudifudi, tope limeingia ndani ya kidonda.

"Mama, njo siye," Mama alimwambia. "Ni gari ya Papa Furaha."

Koko hakuinua uso. "Rangi hii njo ilinimalizia bandugu. Munibebe kwa mugongo kama munaweza. Humo mimi siingie."

Tulimbembeleza mpaka ukungu ukashuka. Akakataa. Tukarudi bila yeye. Tulipofika uani Mama alisema neno moja tu: "Toa hii rangi."

Ungedhani ingetolewa kesho yake. Ah! Kwanza Papa alipaka nyeupe juu ya kijani, kwa brashi ya kupakia nyumba. Mvua ya kwanza iliibandua, gari ikabaki na mabaka kama ng'ombe wa jirani yetu, Papa Sebagabo. Ndipo ikaeleweka kwamba rangi ya zamani lazima iondolewe kabisa, mpaka chuma kionekane. Na hapo ndipo mjadala ulianza.

Papa alitaka msasa. Alisema mkono wa mtu hauharibu chuma. Papa mdogo, Bahati, ndugu yake Papa, alitaka moto wa wachomeleaji: unaichoma rangi, inavimba, unaikwangua. Papa Sebagabo, aliyetuuzia maziwa kila asubuhi, hakutaka kimoja wala kingine. Mpwa wake wa Goma alitumia dekapan, ile dawa ya kopo inayokula rangi. "Unapaka, unaenda kunywa chai, unarudi, rangi imekufa," alisema, kama mtu aliyewahi kuiona.

Siku zilipita wakibishana. Kila mpita njia alisimamishwa atoe hukumu. Papa mdogo aliazima moto, akaanza mlangoni. Rangi ilivimba na kutoka vizuri ajabu, mpira wa dirisha nao ukayeyuka, na bati likajikunja. Papa nusura ampige. Kisha dekapan ikaletwa kutoka Goma. Rangi ilijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, sote tukashangilia, mpaka tone lilipomwangukia Papa Sebagabo kwenye mguu wenye sandali. Aliruka kuliko ndama. Papa akawacheka wote wawili, akachukua msasa wake, akasugua mpaka jioni, na alichokuwa amesafisha kilitosha kuwekea sahani moja tu.

Wakaketi tena. Wakaanza tena.

Mama alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, unga bado unanata. Kwa kawaida hakuwaingilia wanaume wakiongea. Siku ile alipiga mwiko juu ya boneti.

"Mama yangu anaoza muguu, na ninyi muko munachagua! Bahati, chukua moto yako, uende kwa bampa na vyuma vizito. Papa Sebagabo, paka dawa yako kwa milango, na uvae bottes, si sandali. Papa Furaha, boneti na juu iko yako, na batoto bako. Muntu wa kusema tena, hatakula kwangu."

Wanaume wakainuka, kila mmoja akaenda kwenye sehemu yake. Mimi na Furaha tulisugua hadi vidole vikafa ganzi, vumbi la kijani puani, kwenye nywele, hata ndani ya maharagi ya jioni. Majirani waliokuwa wametoa mawazo tu wakakunja mikono ya mashati. Kabla ya Jumapili gari ilikuwa bati tupu. Rangi mpya ilikuwa haijapatikana, na Mama hakuisubiri.

Koko alitusikia tukija. Safari hii alisimama, ameshika mlango, akaitazama gari mbele hadi nyuma.

"Iko uchi," alisema hatimaye. "Mutoto wangu, hamukupata hata kitu ya kuifunika?"

Mama alicheka huku analia. Koko akapanda. Kule hospitali daktari alikata ukucha wa mguu ule na nyama kidogo iliyooza, akasema tungechelewa wiki nyingine angeukata mguu mzima. Koko alitembea kwa mguu ule miaka mingi baadaye, akilalamika juu yake kila siku.

Leo kijana wangu ana gari yake hapa Goma. Juzi alitaka kuibadili rangi. Alitazama video mbili tatu ndani ya telefone, akachagua njia, akaazima mashine. Nilimuuliza kama amewaza moto, kama amewaza dekapan, nikamwambia ashike msasa kwenye kona, mashine hula bati.

"Mama, kaa tu, upumuzike," alinijibu, masikioni ameziba na vile vidude vya muziki.

Nikakaa. Alimaliza mchana uleule, vizuri kabisa. Wale jirani wa kushoto walipita, na wa kulia wakapita, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumwambia kwamba anakosea.