Nililia Mbele ya Kamera kwa Machozi ya Yaya Wangu

Nilikosa, ndugu zangu. Tena nilikosa nikicheka, na kitenge, liputa mupya, kiunoni, na rangi kwenye midomo! Mutaa wetu mzima hapa Kisangani unajua. Sasa mujue na ninyi.

Yaya wangu, dada yangu mukubwa, aliponea ajali ya boti. Boti ya mbao iliwaka moto mutoni, karibu na Barumbu, mapipa ya petroli yakapasuka. Miaka imepita. Mpaka leo ngozi ya mugongo inamuvuta akiinama, na akisikia harufu ya petroli sokoni anatoka mbio, anaacha mihogo yake palepale.

Bon. Siku moja watu wa filamu wakabisha kwetu, wametoka Kinshasa. Wanatafuta walionusurika, waeleze wanavyoteseka mpaka leo. Yaya alikuwa sokoni. Bwana mukubwa wao akaniuliza: "Ni wewe, mama?"

Kamera ile, jamani! Inanitazama mimi tu! "Ndiyo," nikasema, "ni mimi kabisa."

Wakanipeleka kwenye maporomoko ya Wagenia, maji yananguruma nyuma yangu. Nilikohoa moshi ambao sikuwahi kuuvuta. Nilipiga magoti! Bwana akanong'ona, "Magnifique, mama!" Furaha ikanipanda kichwani kama pombe, nikatoa hata siri ya yaya. Yaya aliniambia mimi peke yangu: mule majini mwanamuke alimwita, "Nishike mukono!" Yaya akang'ang'ania ubao wake, hakugeuka. Nikaisema kama yangu. Mwenye kamera akalia. Nikajiona malkia!

Sikudhani filamu itarudi Kisangani. Ikarudi, kwenye salle, ukumbi wa parokia, na walionusurika wote wakaalikwa. Yaya mwenyewe ndiye aliyenivuta: "Twende tuone watu wetu." Nikasema tumbo linauma. Hakunisikiliza.

Uso wangu ukatokea ukutani, mukubwa kama nyumba. Watu wakapiga makofi. Na mimi, mupumbavu, nikawapungia mukono! Kisha sauti yangu ikasema: "Nishike mukono." Yaya akageuka, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile.

Akasimama. "Huyu hakukuwa mu boti. Ule mama aliniita mimi. Ni mie njo sikugeuka."

Halafu tonton mumoja, muzee wa Isangi, naye alikuwa kwenye boti ile, akasema polepole: "Hata mie, mama. Hata mie niliacha mutu." Yaya akakaa, akalia kwa sauti. Yule tonton akaenda kukaa karibu naye. Bwana wa filamu akawasha kamera upya, na mara hii hakuna aliyenielekea mimi.

Sehemu yangu wameikata yote. Yaya alikaa muda murefu bila kunisemesha. Niliumia, niseme kweli.

Lakini sasa, kila Jumapili, watu wa boti wanakuja kwetu. Wanasema, wanalia, wanacheka mpaka majirani wanachungulia! Mimi ninapika makemba, zile ndizi kubwa. Nikifungua mudomo tu, yaya anasema: "Wewe, kamera imezimwa!" Wote wanaanguka kwa kicheko, nami nawashinda wote kucheka.

Munaosoma, mutu akikupa uchungu wake, ukae nao kimya. Usiuvae ukapigiwe makofi, hata kamera ikukodolee namna gani!

Juzi nilimuuliza yaya kama amenisamehe.

"Bado," akasema. "Lete pilipili."

Nilikimbia kuileta, ndugu zangu! Nilikimbia!